Dakika Nne za Jalidi

Baba aliinunua kwa dola moja
siku Ardith wa kituo cha mafuta alipouza rafu nzima ya kanda
ili apate nafasi ya friji la chambo.
Haikuwa na jalada. Ubavuni mtu alikuwa ameandika MIZIMU,
na chini yake, kwa mwandiko mwingine, YA KUCHEKESHA,
kana kwamba aliwaonea huruma watoto watakaofuata.

Ilikuwa filamu mbovu. Nasema kwa mapenzi.
Mchawi wake alikuwa amefeli mtihani wa udereva mara kumi na moja.
Mzimu wake alipiga chafya kila alipopita penye vumbi,
na nyumba ilikuwa na umri wa miaka mia mbili.
Mumia alijitia mwenyewe kwenye mashine ya kufulia,
akatoka mfupi kama chupa ya maziwa,
na hapo Baba,
aliyerudi kutoka kiwanda cha nyama mabega yamemwanguka,
Baba aliyesinzia hata kwenye harusi za watu,
alicheka mpaka kochi likasogea.
Trent na mimi, midomo myeusi kwa peremende,
hatukuwa tukimtazama mumia.

Kisha mchawi aliinua mkono juu ya chungu,
akafungua kinywa atamke lile neno la mwisho,
na picha ikaruka.
Mama alikuwa amebonyeza kitufe kisicho chake, Septemba moja.
Dakika nne: bwana mwenye tai ya kahawia
anaipapasa ramani ya Ayowa kama mgongo wa ng'ombe.
*Usiku huu jalidi. Funikeni mimea yenu.*

Baba alisimama. Alivaa kofia.
"Nyanya zangu," alisema,
akatwaa shuka kabatini, akatoka.

Nyanya zilikuwa zimekufa tangu mwanzo wa mwezi.
Sisi tulijua. Yeye alijua. Mbwa alijua.
Tulihesabu, tumefinyana mikono,
na mzimu ulipopiga chafya ya kwanza baada ya ile jalidi
mlango ulifunguka, shuka la maua ya zambarau likaingia,
likajigonga ugoko kwenye meza ileile ya kila mwaka,
likatukana kidogo, likaomba radhi kwa Mama.

Miaka sita sasa.

Juzi Trent aliipata filamu, imesafishwa,
rangi zake kali mpaka unaona gundi kwenye pua ya mchawi.
Tuliketi na watoto wake, Easton na Brynlee,
bakuli la bisi katikati, boga barazani na meno yake matatu.
Mumia alitoka kwenye mashine. Watoto walianguka chini kwa kicheko.
Mimi na kaka yangu tulicheka pia, ila tulicheka tukiwahi,
kama wanaoimba ubeti kabla ya kinanda.

Mkono wa mchawi ukapanda.
Miaka thelathini tulikuwa tumeligombania neno lile.
Trent aliapa kwamba nyumba nzima inageuka boga.
Mimi nilisema mchawi anasahau, analia, anakumbatiwa.
Alilitamka.
Chura aliruka kutoka kwenye chungu.
Basi. Chura, na mwingine mdogo.

Trent alinitazama. Hapakuwa na tai ya kahawia,
hakuna aliyetuambia tufunike chochote.
Nikasimama.
"Shangazi, unaenda wapi?"
"Kufunika nyanya."
Brynlee alisema hatuna nyanya. Baba yake alimwambia anyamaze,
kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu mazishini.

Nje palikuwa saruji, pipa la taka,
baiskeli iliyolala ubavu.
Nilisimama na shuka la watu mkononi,
safi, bado na mikunjo ya kabatini,
nikitafuta kitu kinachoweza kufa kwa baridi.
Kupitia dirishani nilisikia chafya,
kisha ya pili, kisha watoto wakicheka.

Nilikuwa nimechelewa.
Yeye hakuwahi kuchelewa.